Fundi wa Gitaa ya Mkono wa Kushoto

Ukimpelekea Fundi kazi, kitu cha kwanza alichokuambia ni uende nyumbani ukafikirie tena. Hakusema kwa ubaya. Aliweka randa chini, akapuliza unga wa mbao kwenye vidole, akakuangalia kama mtu anayekusindikiza safari. "Nenda kwanza," alisema. "Nairobi dukani ziko nyingi. Unalipa leo, unapiga leo. Kwangu utangoja, na ukimaliza kungoja unaweza kupata kitu ambacho hukuomba." Wengi walienda na hawakurudi. Mimi nilirudi, kwa hivyo mtu asiseme sikuonywa.

Nataka kumwandika bila kumpaka mafuta na bila kumpaka matope. Sijui kama nitaweza. Shule yangu iliishia darasa la saba, na vitu ninavyoandika jioni nikitoka kazini ni vya kawaida: mvua imenyesha ama haijanyesha, mtoto amekohoa. Kumwandika mtu kutoka kichwa mpaka miguu sijawahi. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sitasema, kwa sababu waliodai kujua walinipa majibu tofauti, na yeye sikumwuliza. Jina lake tulilijua lakini halikutumika. Hata mke wake alimwita Fundi. Labda alianza kwa mzaha, halafu mzaha ukazoeleka.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, nyuma ya duka la simiti na misumari. Miaka hiyo ya tisini, ukifungua mlango wa nyuma ulikuwa unaona uwanda mtupu mpaka macho yachoke. Nyumbu walipita huko asubuhi, wameinamisha vichwa, na vumbi lao liliingia mpaka kwenye gundi. Fundi alisema kila gitaa ya miaka hiyo iko na nyumbu ndani. Mimi sina ushahidi. Lakini siku nyingine nikipiga taratibu, mchana, nyumba ikiwa kimya, naona kama kuna vitu vinatembea mbali sana, vingi pamoja, na sitaki kubishana naye.

Alitengeneza gitaa za umeme, na zaidi alipenda besi, ile yenye nyuzi nne nene. Mwili alichonga, shingo alichonga, na zile sumaku za chini ya nyuzi, ambazo zinashika mtetemo na kuupeleka kwa spika, alizizungushia waya mwenyewe. Waya ulikuwa mwembamba kama nywele na ulitoka kwa redio zilizokufa. Watu walimletea redio kama watu wanavyompelekea mwingine mabaki ya chakula kwa ajili ya kuku.

Lakini kupiga, hakupiga. Alivuta uzi mmoja, akasikiliza, akakaza, basi. Mtu akimwomba hata kipande cha wimbo alikasirika kidogo. "Mimi ni fundi. Ukitaka mwanamuziki, wako pale mbele, wanakunywa." Na hakupenda kelele. Baa ya jirani ikifungulia muziki yeye aliziba masikio na pamba na kuendelea kutengeneza kitu ambacho kitaenda kupiga kelele kwa baa nyingine. Mke wake alimwuliza mbele yangu kama haoni hiyo ni kichekesho. Akasema anaona.

Kuna kijana wa bendi kutoka Nairobi aliyeagiza gitaa ya bluu. Nilikuwepo siku alipokuja kuichukua.

"Buda, si nilisema bluu?"

"Ulisema."

"Sasa hii ni nini?"

"Hii ni mvule. Angalia hiyo mistari yake. Nikiipaka bluu ni kama kumvalisha bibi harusi gunia."

"Kwani harusi ni yako?"

Kijana aliichukua na hasira, na baadaye nilisikia aliipeleka kwa gereji ya magari ikapigwa rangi ya bluu pamoja na mlango wa pikapu. Ningependa kuandika kwamba iliharibika. Haikuharibika. Nilisikia inalia vizuri tu. Hapo kijana alikuwa na haki, na Fundi alikuwa na haki juu ya mistari ya mvule, na zaidi ya hapo sijui niseme nini.

Mwingine aliagiza ya kupigia kwa harusi yake mwenyewe. Alikuja kuichukua amebeba mtoto begani. Fundi alimpongeza kwa mtoto kwanza, ndipo akampa gitaa.

Siku ya kumaliza kazi hakuitaja kamwe. Ukimwuliza, jibu lilikuwa moja: "Mbao bado iko kwa kokoo." Wateja wa Nairobi walidhani ni uongo wa mafundi. Nami nilidhani hivyo, mpaka akanipeleka.

Kokoo ni nyanya kwa Kimaasai. Huyu alikuwa mama mzee aliyekaa kwenye boma upande wa Isinya, ukielekea Kajiado, nyumba ile ya zamani ya fito na samadi. Fundi aliweka mbao zake juu kwenye miti ya paa, hapo ambapo moshi wa jiko unakaa. Kokoo alichoma vijiti vya mzeituni wa porini, vilevile wanavyotumia kusafisha vibuyu vya maziwa, na mbao zilikauka kwa moshi huo, polepole, mwaka baada ya mwaka. Fundi alisema mbao iliyokaushwa kwa jua inapiga kelele, na iliyokaushwa kwa moshi inaongea.

"Takwenya, kokoo," alisalimia mlangoni kwa Kimaasai.

"Iko," kokoo akaitikia salamu.

Mtu mzima yule, na nywele zake nyeupe, akainamisha kichwa kama mtoto anavyosalimia, na mama mzee akamwekea kiganja juu. Halafu mimi.

"Hii mbao yako inakula moshi yangu bure," kokoo akasema. "Hata mzee yangu hakulala hapa miaka mingi kama hii mbao."

"Mbao hainywi pombe, kokoo."

"Hiyo ni kweli. Na hainiulizi chakula iko wapi."

Ndani kulikuwa giza la mchana, na shimo moja la mwanga ukutani, kama kiganja. Nilikaa kwenye ngozi. Watoto wa mbuzi walikuwa upande wa pili, nasikia wakipumua. Fundi alisimama, akafunga macho, akaanza kugonga mbao moja moja kwa kidole kilichokunjwa. Nilisinzia, nafikiri. Ile sauti ilikuwa kama mtu anatembea juu ya paa la usingizi wangu, hana haraka, anajua anakoenda. Niliposhtuka Fundi alikuwa bado amefunga macho. "Hii," akasema, "bado ina maji. Lakini hii ingine iko karibu. Hii nafikiri ni yako."

Kufunga macho ilikuwa tabia yake kubwa. Hakukubali kazi ya mtu kabla ya kwenda kumsikia akipiga, iwe baa, iwe harusi, iwe kanisani. Alikaa nyuma kabisa na akafunga macho mwanzo mpaka mwisho. "Nikiangalia mtu, nasikia shati yake," aliniambia. Kwangu alikuja Jumapili, kanisani, nikipigia kwaya. Mama mmoja wa kanisa alimgusa bega wakati wa kutoa sadaka. "Mzee, amka." Fundi akatoa sadaka bila kufungua macho, na huyo mama hajawahi kumaliza kusimulia hiyo habari.

Sasa nieleze kwa nini nilihitaji gitaa. Nilikuwa mtu wa stoo kwa shamba la maua huko Isinya, nagawa mbolea na glavu. Nyumbani nilikuwa baba. Lakini Jumapili, nikigusa besi, kwaya nzima iliingia pale nilipoingia mimi. Hakuna mahali pengine watu walinifuata. Na gitaa niliyopiga haikuwa yangu. Ilikuwa ya mzee mmoja wa kanisa, ambaye alikuwa anastaafu na kurudi kwao Bungoma nayo. Ikienda, na mimi nimeenda. Ningekuwa mtu wa kukaa kwenye benchi.

Na mimi ni wa kushoto. Kalamu walinichapa mpaka nikashika na mkono wa kulia, lakini gitaa hakuna aliyenichapa. Ile ya kanisa ilikuwa ya watu wa kulia. Ukiishika vile wanavyoshika, uzi mnene unakuwa juu, karibu na kidevu, na mwembamba unakuwa chini. Mimi niliigeuza tu, mnene ukaenda chini kwa magoti, mwembamba ukaja juu. Kubadilisha nyuzi sikuruhusiwa, kwa sababu wengine nao waliipiga. Basi nilijifunza hivyo, juu chini, na nikawa mzuri hivyo. Sikuwahi kufikiria kwamba ni kitu cha kumwelezea mtu. Kama unatembea, humwelezi mtu ni mguu gani unaanza.

Baada ya ibada ile, Fundi alinikuta nje.

"Hupigi nyingi," akasema. "Unatembea kama mtu amebeba maziwa."

"Mimi ni wa kushoto, Fundi. Nataka ya kushoto."

"Ya kushoto. Nimesikia."

Tukashikana mikono. Hapo ndipo kosa lilipoingia, mchana, kati ya watu wawili waliokuwa wanapendana. Mtu mwingine yeyote angeona vile nilivyoishika gitaa. Yeye alikuwa amefunga macho.

Nilingoja. Gitaa ya kanisa ilienda Bungoma na mimi nikaenda kwenye benchi, kama nilivyoogopa. Mke wangu, Mama Neema, ni mwimbaji wa sauti ya pili. Kila nikitaka kwenda kumkumbusha Fundi aliniambia nisiende. "Utamfanya akimbize kazi, na akiikimbiza atajikata kidole." Mambo ya pesa siandiki, tulimalizana vizuri.

Aliponiita ilikuwa Jumamosi. Aliitoa kwenye blanketi. Sijui kuelezea vitu vizuri, nitasema tu ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na ilinukia nyumba ya kokoo. Ilikaa kwenye mbavu zangu kama ilikuwa inanijua. Shingo aliichonga nene kidogo upande wa uzi mnene na nyembamba upande wa mwingine, ili kiganja changu cha kulia kisichoke. Nimeshika gitaa nyingi baadaye. Hakuna iliyokaa hivyo.

Fundi akakaa kwenye kigoda na kufunga macho. "Haya."

Nikaanza tenzi, ile ambayo naweza kupiga nikiwa na homa. Ikatoka kitu kingine. Nikaanza tena. Vidole vilienda nyumbani na kukuta watu wengine wanaishi hapo. Uzi mnene ulikuwa juu, kwa kidevu. Alikuwa amenitengenezea gitaa ya kushoto iliyo sawasawa, kama mtu wa kushoto aliyefundishwa anavyotakiwa kupiga, na mimi sikuwahi kuwa mtu huyo.

Fundi alifungua macho. Niliendelea kidogo, kwa aibu, na yeye aliangalia mikono yangu. Nikaona vile uso wake ulivyofahamu.

"Ile ya kanisa," akasema polepole. "Uliigeuza na nyuzi zake."

"Ndiyo."

"Hukuniambia."

"Sikujua ni ya kuambia."

"Hapana. Ni mimi." Akasugua paji la uso. "Niachie. Nitageuza."

Niliangalia ile shingo. Kugeuza si kuhamisha nyuzi tu. Kile kipande cha mfupa juu ya shingo, penye nyuzi zinapita, kila mfereji ulikatwa kwa unene wa uzi wake. Na huo unene wa upande mmoja wa shingo, miezi yote ile ya kuchonga, ungekuwa upande ambao si wake. Nikaangalia na uso wake.

"Hapana, Fundi. Iko sawa. Nitazoea."

"Utazoea?"

"Nitazoea."

Nimejaribu kugawa hilo kosa mara nyingi na halitaki kugawanyika vizuri. Angefungua macho. Ningefungua mdomo. Ningeenda Nairobi dukani. Yote ni kweli, na kila mara nikifika mwisho nakuta bado sitaki iwe imetokea vingine, na hiyo si hesabu ya mtu mwenye akili.

Kuzoea kulikuwa kugumu. "Baba Neema," mke wangu alisema tukitoka kanisani, "leo umepiga kama mtu anatafuta viatu gizani." Kwaya ilikuwa inanisubiri, kisha ikaacha kunisubiri, ikaenda peke yake na mimi nikifuata nyuma. Nilikuwa nafanya mazoezi kwa stoo, bila gitaa, vidole kwenye mpini wa jembe. Pole pole ikaja. Lakini ilikuja tofauti. Kwa sababu nilifikiria kabla ya kila noti, nilipiga chache, na kati yake kulikuwa na nafasi. Mwalimu wa kwaya alisema sasa waimbaji wanapata pa kupumulia. Mzee mwingine wa kanisa alisema zamani ndio nilikuwa nimekolea. Naandika yote mawili.

Nikipita karibu na karakana, Fundi alinyanyua kichwa. "Inaendelea?"

"Inaendelea."

Zaidi ya hapo hatukusema. Nilijiambia namheshimu. Yeye alikuwa anarudi haraka kwenye randa yake, na mimi nilidhani ni kazi nyingi.

Halafu Kitengela ikakua. Uwanda wa nyuma ukawa ploti, ploti zikawa ua wa waya, na nyumbu hawakupita tena. Mwenye shamba akajenga ghorofa pale penye kibanda. Fundi na mke wake wakahamia Kajiado, upande wa kwao mke, na tukapotezana, ingawa si mbali. Simu za mkono zilikuwa zimeshafika na bado hatukupigiana.

Ni mke wake aliyenipigia. "Fundi anauliza kama bado uko na ile gitaa. Kama uko nayo, uje nayo. Usichelewe sana, tafadhali."

Nilienda Jumamosi, ingawa kesho yake kwaya ilikuwa inaimba kwa ufunguzi wa kanisa jipya la mawe, na nilitakiwa kuwa nyumbani nikijiandaa. Nilimkuta amekaa barazani juani, amefunikwa shuka. Alikuwa amekonda. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka kwenye goti kama wa mtu mwingine.

Tulisalimiana, tukauliza watoto, mvua, ng'ombe za shemeji zake. Kokoo alikuwa ameshazikwa. Chai ikaja. Halafu akatoa mfukoni kitambaa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na kipande cha mfupa wa ng'ombe, kidogo kama kucha ya kidole gumba, na mifereji yake minne imekatwa, mnene upande huu, mwembamba upande ule. Kimegeuzwa. Kilikuwa kimeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Nilikata wiki ileile ulipoichukua," akasema. "Na shingo nilishafikiria nitaichonga wapi kidogo ikubali. Nikawa nangoja uje useme imekushinda."

"Miaka yote?"

"Ulisema utazoea. Ningekufuata nyumbani nikuambie hapana, hutazoea?"

"Mimi niliogopa utaona nakataa kazi yako."

"Na mimi niliona umeikataa. Nikasema, ameiweka chini ya kitanda, ni mpole tu, hataki kuniambia."

Akacheka, mpaka mke wake akatoka kuangalia kuna nini. Mimi pia nilicheka. Halafu akanyoosha mkono ule unaotetemeka.

"Lete."

Ningesema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: Fundi, nimeshazoea, mikono yangu sasa ni ya gitaa hii vile ulivyoitengeneza, ile njia ya zamani imekufa, na kesho kuna ufunguzi. Ni ukweli, na mtu mwenye haki angesema ukweli. Lakini mke wake alikuwa ameshaleta tupa, koleo na patasi ndogo kwenye sinia, amezipanga, na nikaelewa kwamba alikuwa amezipanga tangu aliponipigia simu. Nikampa.

Mkono haukuacha kutetemeka. Aliegemeza kiwiko kwenye goti, mimi nikashika shingo, mke wake akamshikia mfupa, na tulifanya kazi watu watatu kama tunafunga kidonda. Alichonga ule unene wa shingo taratibu, na unga wa mbao ukanuka moshi uleule. Alikasirika mara moja tu, na mimi, kwa kutikisika. Nyuzi zilirudi moja moja. Mnene ukaenda chini.

"Haya," akasema. "Sasa ni yako. Piga."

Nikaiweka mbavuni. Hapakuwa na spika, gitaa tupu, sauti ndogo ya kusikiwa na watu wa baraza moja. Mkono wangu wa kulia ukashika shingo na haukujua chochote. Nilitafuta tenzi na sikuona mlango. Yeye alikuwa anangoja, ameweka kiganja chake kwenye mwili wa gitaa asikie kwa ngozi.

Nikavuta uzi mnene peke yake, bila kuubana popote. Huo haudai kujua kitu. Ukalia, chini, mrefu, ukaingia kwenye kiganja chake, na nikaona mkono umetulia ama umetikisika pamoja nao, sikuweza kutofautisha.

"Hiyo," akasema.

Nikangoja uishe, nikauvuta tena. Ukaisha, nikauvuta tena. Kivuli cha nyumba kilitambaa mpaka kwenye sinia ya vyombo. Mke wake alikaa kwenye ngazi. Nikauvuta tena, kila mara nikimpa Fundi nafasi, na yeye hakuniomba wimbo.